Kaka anataka tenti ya handaki, mimi nataka inayosimama yenyewe. Nimwambieje?

Shikamoo Ami,

Naomba usitaje jina langu manake mtaa wetu ni mdogo na watu wanajuana. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Malindi, nina miaka 33, na najua watu wakisikia shida yangu wataona ni ya kitoto, tenti tu, lakini hii ni wiki ya tatu silali vizuri.

Iko hivi. Mimi na kaka yangu tumepanga mwezi wa nane shule zikifunga tuende Pangani kwa baiskeli. Mama yetu Mungu amrehemu alikuwa mtu wa huko na kuna mama wadogo wawili bado wako hai, hatujawaona miaka mingi. Kaka ana miaka 49, ni mvuvi, baba alipofariki mimi nilikuwa darasa la tano na yeye ndo alinilipia shule mpaka nikawa mwalimu, kwa hivyo unaelewa uzito wake kwangu. Njia tushaipanga, Kilifi, Mombasa, tuvuke feri Likoni, Ukunda, Lunga Lunga, tuingie Tanzania pale Horohoro, Tanga mjini alafu Pangani. Kwa hesabu yangu ni kama kilomita 330 na tumejipa siku nane bila kukimbizana.

Sasa tenti. Kuna mbili tumezipata. Ya kwanza ni ile ndefu ya handaki, ikisimama utadhani turubai la kenta, fito tatu zimepinda matao zimefuatana na nguo inavutwa mbele na nyuma kwa kamba. Iko Watamu kwa jamaa mwenye nyumba ya wageni, mgeni wake mmoja alimaliza safari ya baiskeli akamwachia, anaitoa kwa 12,000. Ni ya watu watatu na mbele ina kibaraza kikubwa unaingiza mabegi yote na baiskeli moja ukiilaza. Kaka aliiona mara moja tu akaipenda, akakaa pale kibarazani akasema hapa tutachemsha chai, hapa tutaswali mvua ikinyesha. Ya pili ni ya kusimama yenyewe, fito mbili zinapishana juu kama mkasi, ni ya watu wawili, mpya, inatoka Nairobi kwa 26,000. Hiyo ndo naitaka mimi.

Na nina sababu Ami. Mwezi uliopita tuliazima ile ya handaki tukaenda kuijaribu ufuoni Mambrui. Kaka alichelewa, alikuwa anapandisha ngalawa, kwa hivyo niliisimamisha mimi mwenyewe, nikaelekeza mlango baharini tupate kuona maji, nikavipiga vile vichuma vyake vyembamba mpaka vikazama vyote kwenye mchanga, ikasimama vizuri sana. Saa nane usiku kusi ikavuma ya nguvu. Nilisikia kichuma cha kwanza kikichomoka, alafu cha pili, na kabla sijashika tochi nguo yote imetulalia usoni imelowa na mchanga umeingia mpaka masikioni. Kaka hakusema neno. Alitoka nje akaushika ule upande kwa mikono, akakaa nao mpaka alfajiri, mimi nasinzia na kuamka.

Wiki iliyofuata rafiki yangu akaniazima ya kusimama yenyewe nikaijaribu shuleni, barazani juu ya simenti. Dakika tano imesimama, sikupiga kigingi hata kimoja, nikaiinua nikaihamishia kivulini kama nabeba kapu. Nilienda kuchota maji niliporudi nikakuta upepo umeiburuza mpaka kwenye maua lakini hiyo ni kwa sababu ilikuwa tupu.

Nilipomweleza kaka alisema, "Hiyo yako ni ya mtu mwenye haraka. Mimi nimefunga kamba maisha yangu yote, hizo kamba niachieni mimi." Basi, akanyamaza. Mke wangu anasema kila mtu anunue yake ndogo yaishe. Pesa ni za kuchanga nusu kwa nusu na nusu ya kaka ni ya samaki, hajanitajia hata siku moja kwamba 26,000 ni nyingi. Nikimkatalia naona namvunjia heshima, nikimkubalia naona tutalala na nguo usoni siku nane. Nimwambieje?

Mwalimu, Malindi

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nimeisoma nikiwa nje upepo huuhuu wa kusi unanipeperushia karatasi. Hakuna utoto hapo. Mtu analala nje siku nane na ndugu yake aliyemlea, wanakwenda kwa watu wa mama yao, kitakachowafunika usiku si jambo dogo. Na mimi tenti za aina zote mbili nimezilalia miaka ile naendesha baiskeli pwani hii, kwa hivyo nitakujibu la tenti kwanza alafu nije kwa kaka, ingawa nikikusoma naona ni kama ni jambo moja.

Ukiniambia nikurudishie ulichosema kwa ufupi ni hivi: una tenti moja iliyokuangukia na nyingine iliyokufurahisha, na mtu unayemheshimu kuliko wote anaitaka ile iliyokuangukia. Sawa. Lakini hebu turudi Mambrui kidogo.

Tenti ya handaki ni kama jarife, ule wavu mkubwa wa samaki, na ile ya kusimama yenyewe ni kama dema, ule mtego wa samaki wa kusukwa. Dema unalibeba begani, unaliweka chini, unaligeuza, umbo lake ni lilelile kwa sababu fito zake zimeshikana zenyewe. Jarife halina umbo mpaka ulivute huku na huku, lipate kushikwa. Kwa hivyo handaki roho yake iko kwenye zile kamba za mbele na za nyuma, na ina ubavu mrefu ambao haupendi upepo kabisa. Inatakiwa kichwa chake au mkia wake ndo utazame upepo, hapo upepo unateleza juu ya matao na tenti inatulia hata ukivuma sana. Wewe uliniambia mlango uliuelekeza baharini. Bahari ya Mambrui iko mashariki, kusi inatoka kusini, maana yake uliuwekea upepo ubavu mzima usiku kucha. Na vile vichuma vyembamba vimetengenezwa kwa udongo na majani, kwenye mchanga mkavu wa ufuoni hata uvizamishe vyote havina cha kushika, ni kama kuchoma sindano kwenye unga.

Sikulaumu, mlango kuelekea maji ndo kila mtu angeuweka. Nauliza tu, ile tenti ilishindwa au iliwekwa vibaya? Kwa mchanga watu hufanya hivi: unachukua kifuko cha kitambaa au kigunia unakijaza mchanga, unaifunga kamba katikati yake, unachimba shimo la dhiraa moja unakizika, unashindilia juu kwa mguu. Au kijiti kinene unakizika kimelala, kamba ikitokea katikati. Hiyo haing'oki kirahisi. Kaka yako angekuwepo ile jioni sidhani angehitaji kuambiwa, ni nanga tu hiyo, kazi yake ya kila siku.

Alafu twende shuleni kwako. Unasema ya pili ilisimama bila kigingi na mstari unaofuata unasema upepo uliiburuza mpaka kwenye maua. Hapo nataka usimame kidogo. Kusimama yenyewe maana yake ni kwamba haikunji uso ukiiachia, si kwamba haiondoki. Tena kwa kuwa ina umbo lake lenyewe, ikishikwa na upepo ikiwa tupu inabiringika kama mpira, na nimeona moja ikiingia baharini na godoro ndani. Vigingi inavitaka vilevile, kwenye pembe, na kamba za ubavuni pia kusi ikiwa kali. Tofauti ni kwamba ukikosa pa kupigia hutalala chini ya nguo iliyoanguka, unaweza kuweka mabegi ndani kwenye pembe nne na ukalala. Hiyo ni faida kubwa, siipunguzi. Ndo maana watu wa milimani waliipenda, mwaka 1975 kampuni ya The North Face walipotoa tenti yao ya Oval Intention wakifuata mawazo ya mbunifu Mmarekani Buckminster Fuller ya fito zinazopishana na kubebana, nguvu ikawa inatoka kwenye fito zenyewe badala ya kutegemea kamba tu. Lakini hata za mlimani zinafungwa chini.

Sasa swali ninalolipenda mimi kuliko yote kuhusu tenti: usiku huu nitalala juu ya nini? Chukua daftari lako la shule uandike usiku zote mnazotarajia, moja moja. Kwa sababu pwani yetu hii ina ardhi ya namna yake. Kuanzia hapa Malindi kwenda Kilifi na Mtwapa mpaka kule kusini ya Ukunda sehemu nyingi ni mwamba wa tumbawe na juu yake udongo kidogo tu, angalia magofu ya Gede yalijengwa kwa jiwe lilelile linalotoka chini ya miguu. Unapiga kigingi kinaingia vidole vitatu, tii, kimegota. Unasogea hatua mbili, tii. Kwa mtu wa handaki hapo ni kutafuta mawe mazito, kufunga kwenye mti, kulaza baiskeli na kufunga kamba kwenye fremu yake, au kuomba jerikeni ya maji ya lita 20 kwa mwenye nyumba, hizo ni kilo 20 na hazisogei. Inawezekana, nimefanya, lakini umefika saa za magharibi umeendesha kilomita 60 na upepo wa kusi usoni, unataka kuoga na kulala. (Na hilo la upepo mlijue, mwezi wa nane mkielekea kusini mnaupanda, kwa hivyo hesabu ya kilomita zenu kwa siku ipunguzeni.)

Alafu kuna ule uwanja wa nyumba uliofagiliwa kila siku mpaka umekuwa mgumu kama sakafu. Kuna baraza la shule, kuna uwanja wa msikiti. Kwa jinsi mnavyosafiri nadhani mtalala hapo zaidi kuliko ufuoni, kwa sababu mtu mwenye akili akifika kijiji cha watu anaenda kwanza kwa mwenyekiti au mzee wa mtaa anaomba ruhusa, na mkishajulikana hamtaachwa mlale porini, mtaambiwa laleni hapa karibu na nyumba. Kama usiku sita kati ya nane ni za simenti na uwanja mgumu, hoja yako ina nguvu sana. Kama nyingi ni za mchanga na nyasi, hoja ya kaka inapanda. Mimi sijui mtalala wapi, nyinyi ndo mnajua.

Kuna kitu kingine hukukitaja kabisa nacho ni joto na mbu. Nyingi za kusimama yenyewe chumba cha ndani ni wavu mtupu na kinasimama bila kile kifuniko cha nje, kwa hivyo usiku mkavu unalala umeingiwa na upepo kama uko ndani ya chandarua, hata barazani kwa watu. Handaki nyingi chumba cha ndani kinaning'inia kwenye nguo ya nje, ukiitoa ya nje hakuna kitu. Kwa pwani hilo linauma, utatoka jasho humo ndani kama si usiku wa upepo, na ukifungua mlango wa wavu peke yake ndo nafuu yako. Lakini ngoja mvua ije. Handaki nyingi zinasimama na kifuniko chake juu tangu mwanzo, ndani kunabaki kukavu, wakati za kusimama yenyewe nyingi unaanza na wavu alafu ndo unafunika, na zile dakika tatu za mvua ya pwani zinatosha kujaza maji sakafuni. Kwa hivyo uliza hii ya Nairobi inaanza na nini na ile ya Watamu chumba chake kinatoka au hakitoki. Na ile ya Watamu ipitishe mkono kwenye zipu, polepole, meno yote, kwa sababu chumvi na mchanga wa huku huzila kwanza kabla ya kitu kingine, na nguo yake ishike juani uone kama haijachoka, jua huichosha mpaka inachanika kama karatasi. Tenti ya 12,000 yenye zipu mbovu si ya 12,000 tena.

Juu ya baiskeli tofauti si kubwa kama watu wanavyodhani. Handaki kwa nafasi inayokupa huwa nyepesi kwa sababu haina fito za kupishana, lakini yenu ni ya watatu kwa hivyo pima, usikisie, na pima urefu wa fito zikikunjwa kama zinaingia kwenye mabegi ya keria. Mkigawana mzigo, mmoja nguo mmoja fito, mjue kwamba mmoja akipata pancha nyuma na mwingine yuko mbele hakuna mwenye tenti.

Haya, kaka.

Kuna sentensi moja kwenye barua yako imenikaa. "Hizo kamba niachieni mimi." Wewe umeisikia kama ubishi, au kama kauli ya mkubwa. Inaweza kuwa hivyo, wewe ndo unamjua. Lakini tazama safari yenyewe. Njia umeipanga wewe, hesabu za kilomita umefanya wewe, simu na ramani iko kwako, barua umeandika wewe, na mkifika mpakani pale Horohoro naamini wa kuongea na karatasi ni wewe. Mtu aliyekubeba miaka yote hiyo, kwenye safari hii kazi yake ni ipi? Nauliza tu. Labda aliiona ile tenti yenye kamba nyingi akaona hapa kuna kitu ambacho mdogo wangu hakijui na mimi nakijua. Na usiku ule Mambrui, alipotoka akaushika ule upande kwa mikono mpaka alfajiri bila kukuamsha, sijui wewe ulimsikia akisema nini, mimi nimemsikia akisema mengi.

Na kile kibaraza. Wewe unahesabu kusimama, yeye anahesabu kukaa. Ya watu wawili ya kusimama yenyewe ni ya kulala, mvua ikinyesha saa kumi na mbili jioni mtalazwa mle kama samaki kwenye pakacha mpaka asubuhi, magoti juu. Yeye kwenye picha yake kuna birika na kuna kuswali na nadhani kuna mazungumzo ya mama yenu ambayo huenda hamjayafanya. Hilo halipimwi kwa kilo. Lakini pia yaweza kuwa ni 26,000 tu. Nusu yake ni 13,000, na mwezi wa kusi bahari ni chafu, siku za kutoka ni chache, unajua wewe. Nusu ya 12,000 ni 6,000. Kaka mkubwa hawezi kumwambia mdogo wake aliyemsomesha kwamba sina, na wewe ukimtolea zote kwa wema tu bila kuuliza unaweza kumwumiza kuliko hata ukimkatalia. Hilo ulifikirie kwa upole sana kabla hujafungua mdomo.

La mkeo la kila mtu na yake lina hekima yake, mnapumua, mmoja akikoroma mwingine hapati tabu, na mkitengana njiani kila mtu ana pa kulala. Lakini mnabeba fito mara mbili, mnatafuta pa kusimamisha mara mbili, na kwa kaka sijui litasikika vipi, ndugu wawili wanakwenda kwa mama wadogo wao na kila mmoja ana mlango wake. Kuna pia njia ya katikati, mkachukua ya Watamu na pesa iliyobaki mkanunua chandarua cha kutundika na kamba za ziada, usiku za barazani mnalala kwenye chandarua na usiku za wazi mnasimamisha handaki. Hatari yake ni kwamba mkichoka hamtaisimamisha kabisa, mtakuwa mnabeba tenti ya bure. Na ukichukua ya Nairobi, mbebe turubai dogo la kufunga kati ya baiskeli mbili pawe na kibaraza, na hilo kaka analifunga akiwa amefumba macho. Sikuambii ipi.

Nitakachokuomba ni kwamba kabla hamjalipa senti mziazime zote mbili siku moja, twende tuseme Jumamosi moja kusi ikiwa imeshika. Mpeleke mahali pa tumbawe kwanza alafu ufuoni. Safari hii ya handaki mwachie yeye tangu mwanzo, wewe ukae upande umshikie tochi na usiseme kitu, halafu ya kusimama yenyewe umfundishe yeye aisimamishe kwa mikono yake. Msichague palipo chini ya mnazi hata kama kamba inapata pa kufungwa, na mstari wa bamvua, pale maji makuu yanapofika, muulize yeye. Mkishalala, muulize hivi tu: "Kaka, kwenye safari hii wewe unataka tulale vipi?" Usimuulize tenti ipi. Alafu umpe muda, wavuvi wanajibu polepole.

Mkifika Pangani, ng'ambo ya mto upande wa Bweni kuna ufuo mrefu. Niandikie mkisharudi, uniambie mama wadogo walisemaje walipowaona. Na kaka mpe salamu zangu, mwambie Ami anauliza lile fundo analofungia nanga analifungaje.

Ami